Sifa Yake ni Kelele

"Basi chukueni na kamba yenu," alisema Mama Fundi, na wakati anasema hivyo vidole vyake vilikuwa vimeshalegeza fundo la upande wake. Kamba ikaanguka. Shuka za Shangazi, zilizokuwa bado zinachuruzika maji, zikajilaza kwenye vumbi la uani.

Shangazi hakuziokota. Alishika kiuno, akamtazama jirani yake kuanzia kilemba mpaka ndala, akamwambia kamba ni yake kweli, lakini msumari je? Msumari ule aliupigilia marehemu mume wa Mama Fundi kwa mkono wake, na aliyemshikia ngazi siku hiyo ni yeye Shangazi.

"Kama tunagawana mali, tugawane vizuri," alisema. "Ung'oe na msumari. Kichwa uchukue wewe, ncha nichukue mimi."

Sisi tuliokuwa uani hatukujua tucheke au tuondoke. Kuondoka, kwa kweli, hakuna aliyekufikiria. Jumamosi mchana, maji yametoka, ndoo zimejaa, na majirani wawili walioazimana chumvi tangu ujana wao wanagombania msumari. Nani angeondoka?

Ila kila aliyesimama pale alijua kamba haikuwa na kosa. Ugomvi ulikuwa wa watoto wao. Mtoto wa Mama Fundi ni yule mshona nguo ambaye mtaa mzima tulimwita Taratibu. Shangazi hakujaliwa kuzaa, lakini alimchukua binti wa kaka yake akakaa naye, msusi wa nywele, na huyo tulimwita Kengele. Jina halihitaji maelezo. Wawili hao walikuwa wachumba. Tangazo lao la ndoa lilikuwa limeshasomwa kanisani mara mbili na hakuna aliyeinua mkono. La tatu, la mwisho, lilikuwa lisomwe kesho yake. Na Mama Mchungaji alikuwa ametuma neno: kabla ya jioni aambiwe, lisomwe au lisisomwe, maana amesikia pete imerudi.

Pete ilikuwa imerudi kweli. Ilikuwa imefungwa kwenye pembe ya leso ya Mama Fundi, na leso ilikuwa imeshindiliwa kifuani mwake.

*

Nyumba zile mbili zimeegemeana ukuta mmoja. Chumba cha mbele cha huku ni saluni, chumba cha mbele cha kule kuna cherehani, na ukuta wenyewe mwembamba kiasi kwamba ukipiga chafya saluni, unaombewa afya kwa fundi. Uani ndipo tulipokuwa tukianika sote.

Kengele alikuwa na mkono mzuri wa kusuka, lakini tusidanganyane, watu walifuata mdomo. Akianza habari yoyote, hata ya mbuzi wa mwenye nyumba aliyekula risiti, ungedhani ulikuwepo. Wapo wateja waliokuja kusuka mistari minne mikubwa wakaishia kusuka midogomidogo, ili mradi wakae mpaka mwisho wa habari. Alikuwa mtu wa kukukaribisha kabla hujabisha hodi. Ukiwa na msiba, sauti yake ndiyo inayokusanya watu. Ukiwa na furaha, vigelegele vyake ndivyo vya kwanza. Na ukiwa na siri, basi hapo ndipo ulipaswa kuwa mwangalifu.

Taratibu alikuwa kinyume chake. Mshono wake umenyooka kama mstari wa rula, pindo halifumuki, vifungo havidondoki. Tatizo lake ni muda. Ukimpelekea gauni la ubatizo, mtoto atalivaa siku ya kipaimara. Cherehani yake ilikuwa inalia kidogo, inanyamaza. Inalia kidogo, inanyamaza. Tukasema huyu mtu mpole, mcha Mungu, lakini mvivu wa chini kwa chini. Hakujibu. Alikuwa na desturi ya kukusikiliza kwa macho, amekaza kukutazama, futi ya kupimia imening'inia shingoni, mpaka wewe mwenyewe unaona haya ya kulalamika.

Walipendanaje? Tuliulizana sana. Alikuwa akija kwenye mlango wa saluni kuomba maji ya moto ya pasi yake, akipewa haondoki. Anasimama na birika mkononi mpaka maji yanapoa, anarudishiwa mengine. Kengele anaongea na mteja, lakini macho yake kila mara yanakimbilia mlangoni, na yakifika pale yanalegea. Siku moja akamwambia mbele ya watu, "Fundi, maji haya unayanywa au unayaangalia?" Taratibu akatabasamu. Kengele akapoteza hesabu ya nywele alizokuwa ameshika. Tukajua mambo yameiva.

*

Kilichoharibu ni darasa la wachumba. Mama Mchungaji huwafundisha wote wanaokaribia kufunga ndoa, na jioni moja mwanzoni mwa wiki ile aliwafundisha kwamba Mungu hagawi karama bila kivuli chake, na kwamba mtu asiyejua upande wa giza wa kipaji chake atamwumiza mwenzake akidhani anamhudumia. Kisha akataka kila mmoja asimame, ataje sifa moja njema ya mchumba wake, na baadaye udhaifu mmoja.

Kengele alinyanyuka wa kwanza, kama kawaida. "Sifa yake, ananyamaza," alisema. "Udhaifu wake, ananyamaza."

Darasa zima likacheka na kupiga makofi. Hata Taratibu alicheka, na wanaojua wanasema alimtazama mchumba wake kama mtu aliyesomewa moyo wake kwa sauti. Zamu yake ikafika. Akasimama. Akafuta viganja kwenye suruali. Watu wakangoja, viti vikaanza kulia. Mwisho akatoa neno moja.

"Kelele."

Hapo kicheko kilichotoka kilivuka barabara. Kuna aliyeanguka kwenye benchi. Mama Mchungaji mwenyewe, huku anafuta machozi, akamwelekeza kwa upole kwamba wameanza na sifa njema, udhaifu utafuata baadaye. Taratibu akabaki mdomo wazi. Akaangalia watu wanavyocheka, akaangalia sakafu, akakaa.

Kengele hakucheka. Mtu mwenye maneno mengi ndiye anayeumizwa na neno moja. Alikuwa amevaa gauni alilomshonea yeye, amekaa mbele, mgongo umenyooka, anangoja kusikia kwa mara ya kwanza anapendewa nini, akaambiwa kelele. Nje ya lango la kanisa akaivua pete, na kwa kuwa Taratibu alikuwa amesimama kimya tu, akaitia kwenye kiganja cha Mama Fundi, aliyekuwa anatoka kwenye maombi ya wanawake.

"Mwanao anashona nguo za watu vizuri, mama," akamwambia, na sauti yake ikafika mpaka kwa walinzi. "Mwambie na mdomo wake autoe uzi."

Tangu siku hiyo saluni ikanyamaza. Kengele alisuka kama mtu anayefunga mizigo. Wateja waliingia, wakatoka, bila habari hata moja. Na alikuwa ametuacha pabaya: kwenye habari ya mjane wa nyumba ya kona na muuza magodoro aliyekuwa anakuja kila wiki kupima kitanda kilekile. Habari yenyewe haikuwa siri, mjane mwenyewe aliisimulia sokoni akicheka, lakini nani awezaye kuisimulia kama Kengele? Tukabaki tunaning'inia.

Cherehani ya upande wa pili nayo ikafanya maajabu. Ililia kutwa nzima bila kupumzika. Nguo zilizokuwa zimesahaulika zikamalizika, suti, sare za kwaya, mapazia. Tukasema kumbe huzuni ni nzuri kwa biashara. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza zaidi ya hapo, na sisi tunajiita wajuzi wa mambo ya watu.

*

Sasa tulikuwa uani, na shuka ziko chini.

Mama Fundi alisema mwanawe alikejeliwa langoni mwa kanisa kama kibaka. Shangazi akajibu kwamba na wa kwake aliitwa kelele mbele ya mwenye kiti na asiye na kiti. Wakaendelea hivyo, mmoja anatupa, mwingine anadaka, mpaka Kengele akatoka saluni na kitana mkononi. Nyuma yake alikuja mteja wake, mwimbaji mmoja wa kwaya, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, maana alikataa kubaki ndani peke yake wakati mambo yako nje.

"Huyo amekuja," alisema Mama Fundi, na sauti yake ikashuka badala ya kupanda. Ndipo tukajua sasa anasema la moyoni. "Mimi la langoni ningelimeza. Vijana hugombana. Lakini binti, nilikupa neno langu. Moja tu."

Hatukujua neno gani. Alitueleza mwenyewe, polepole, akiwa ameikamata leso kifuani. Usiku ule mwanawe alipomwambia ameposa, alilia. Hakulia kwa chuki. Alilia kwa kuogopa kubaki na nyumba tupu, mwanamke aliyezoea kusikia pumzi ya mtu chumba cha pili. Kesho yake akamwambia Kengele peke yake, kama mtu anavyomwambia bintiye. Jua halijazama, wauza nyanya walikuwa wanampa pole: tumesikia humtaki mkwe.

"Nilikufungulia mlango wa chumbani kwangu," akasema, "ukapitisha watu."

Kengele alifungua mdomo. Baadaye alitusimulia mwenyewe, kwa hiyo naandika bila wasiwasi, kwamba jibu alikuwa nalo tayari na lilikuwa zuri: kwamba alimwambia mtu mmoja tu, tena kwa kumhurumia mama, na kama huyo mtu aligeuza maneno, alaumiwe huyo. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, limevaa na limejipamba. Lakini kabla halijatoka aliona kitu upande wa kamba. Taratibu alikuwa ameinama, anaokota shuka za Shangazi moja moja, anazikung'uta vumbi. Alipomaliza, akazitundika begani kwake, zikamlowesha shati lote. Kisha akainua mkono, kama mtoto darasani.

"Naomba nimalize," alisema.

"Umalize nini?" Shangazi akamuuliza. "Hata hujaanza."

"Nilianza. Kwenye darasa. Nilisema neno moja nikakatizwa. Naomba nimalize."

Akanyamaza. Nasi tunamjua, anaponyamaza hivyo ndiyo anatafuta neno la pili, na kazi ya kumtafutia neno la pili siku zote ilikuwa ya Kengele. Yeye ndiye aliyezoea kumalizia sentensi zake, kumwitikia mteja kwa niaba yake, hata kumwagizia soda. Tukamwona anavuta pumzi amsaidie. Halafu tukaona kitu ambacho hatujawahi kukiona: akakiweka kitana mdomoni, akakiuma.

"Mama Mchungaji aliuliza sifa," Taratibu alisema. "Nikasema kelele. Sikukosea swali."

Mwimbaji wa kwaya akashika nusu ya kichwa chake.

"Baba alipofariki, nyumba yetu ilinyamaza. Mama anajua. Tulikuwa tunakula tukisikilizana vijiko. Mimi si mtu wa maneno na mama si mtu wa maneno, aliyekuwa na maneno alikuwa baba." Maji ya shuka yalikuwa yanamdondokea kwenye viatu. "Kisha huyu akahamia kwa shangazi yake. Siku ya kwanza akacheka, upande wa pili wa ukuta. Nikasimamisha cherehani nisikie anacheka nini."

Kengele alikuwa haumi kitana tena, lakini hakukitoa.

"Basi. Toka siku hiyo akiongea, nasimamisha. Cherehani ina kelele, nisingemsikia."

Ilituchukua muda kidogo. Aliyeelewa wa kwanza ni mwimbaji wa kwaya.

"Subiri," alisema. "Kwa hiyo sare yangu ilichelewa mpaka tamasha likapita kwa sababu ulikuwa unasikiliza umbea?"

"Ndiyo, dada. Nisamehe. Ilikuwa ile habari ya mbuzi." Akafikiri. "Ilikuwa ndefu."

Tulicheka mpaka ndoo ya mtu ikamwagika. Taratibu hakucheka, akasubiri tumalize kama anavyosubiri pasi ipate moto, kisha akasema hakuwa peke yake. Mama naye huzima redio.

Mama Fundi akasema redio ile ina betri mbovu.

"Betri ni nzima, mama," mwanawe alimjibu kwa heshima zote. "Nilizibadilisha mimi."

Shangazi alifunika mdomo na upande wa kilemba chake. Mama Fundi akatazama msumari ukutani kana kwamba ndiyo kwanza anauona.

"Na udhaifu wake nao ni kelele," Taratibu akaendelea, na sasa alikuwa anamtazama Kengele mwenyewe. "Hilo la pili nilikuwa nalo pia. Neno la mama limetoka kwa mlango uleule unaotoa kicheko. Limemwumiza, na mimi nisingekuoa kwa kujifanya sikuliona. Lakini sikutaka niseme moja bila jingine, ndiyo maana nilichelewa kupanga." Akazisogeza shuka begani. "Wangu uliutaja, na ni kweli. Walikucheka, nikakaa. Leo mama amefungua kamba, nikasimama dirishani nikaliangalia fundo linalegea. Watu mnaniita mpole. Mara nyingine ni woga tu, umevaa nguo za upole. Nashona mimi, nazijua nguo."

Kengele machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, na hilo nalo lilikuwa geni.

"Kila asubuhi nilikuwa namwomba Mungu anipe mdomo kama wa watu wengine," akamalizia. "Wiki hii saluni iliponyamaza ndipo nikajua alishanijibu zamani. Jibu aliliweka upande wa pili wa ukuta."

*

Sijui kama nyie mmewahi kuona watu wazima wamesimama na ndoo kichwani wanalia. Sisi tulilia. Na katikati ya kulia, macho yote yakamgeukia Kengele, maana sasa ilikuwa zamu yake, na kila mtu alikuwa amejiandaa kwa hotuba.

Alikitoa kitana mdomoni. Hakumwendea Taratibu. Alimwendea Mama Fundi, akapiga goti pale pale penye tope la shuka.

"Mama, ulinipa siri nikaigawa. Nisamehe."

Tukangoja sehemu ya pili. Kila mtu anajua msamaha wa Kengele una "lakini" yake, na "lakini" hiyo ina watoto na wajukuu. Haikuja. Alibaki chini, mikono kwenye mapaja, ulimi umetulia.

Mama Fundi alimtazama muda mrefu. Yeye ndiye anayewaongoza wanawake kwenye maombi, mtu wa kusoma neno na kulitafuna kimyakimya. Akaitoa leso kifuani, akaanza kulifungua lile fundo dogo la pembeni, na alichukua muda mrefu kulifungua kuliko alivyochukua kufungua kamba.

"Musa alimlalamikia Mungu kwamba ulimi wake mzito," alisema, kama anajisemea. "Mungu hakumwongezea ulimi. Alimpa Haruni." Akamtazama mwanawe na shuka zake begani. "Wewe naye umepewa wa kwako. Wa kwako anasuka nywele."

Hata Kengele alicheka, kutoka chini alikokuwa.

"Usicheke sana, binti. Siku Haruni alipoachwa peke yake na wepesi wake, watu waliishia kuabudu ndama."

"Ndiyo, mama."

"Na Musa naye," akamgeukia tena mwanawe, "asikae mlimani mpaka watu wakasahau sura yake."

"Ndiyo, mama," akasema Taratibu.

Mama Fundi akampa mkono Kengele, akamwinua. Alimpangusa goti kwa leso ileile. Kisha pete hakumpa yeye. Alimpa mwanawe, akasema yeye aliwekeshwa tu, na vitu vya watu vinamchosha.

Taratibu aliishika kwa vidole vile vinavyotia uzi kwenye tundu la sindano bila kukosea, na safari hii vilikosea. Kengele alimpa kidole, akakirudisha, akakifuta mafuta ya nywele kwenye aproni, akakitoa tena. Walikuwa wamesimama karibu kiasi kwamba maji ya zile shuka yalimdondokea na yeye. Alimwinulia macho. Alikuwa na maneno elfu, alituambia baadaye, na akaona yote hayafikii jinsi yule mtu alivyokuwa akimtazama: yale macho ya mlangoni, ya birika lililopoa. Basi naye akajaribu kusikiliza kwa macho. Akasikia mambo mengi sana. Akasikia kwamba alikuwa anapendwa tangu kabla hajaonekana, anapendwa kwa kusikika tu, kwa kile alichokuwa akiombea toba kila Jumapili. Moyoni akamshukuru Mungu kwa mafundi ujenzi wanaobania saruji, maana ukuta ungekuwa mnene, leo angekuwa mke wa nani?

Pete ikaingia.

"Umelowa," akamnong'oneza. Ndilo neno pekee aliloweza.

"Zitakauka," Taratibu akajibu.

Hapo Shangazi akakumbuka kwamba shuka ni zake. Mama Fundi akasema atazifua yeye, kwa kuwa ndiye aliyezilaza chini. Shangazi akamwambia anamjua, hufua kwa kuzibembeleza, watazifua wote wawili. Wakazichukua begani kwa kijana, wakazitumbukiza kwenye beseni, na kabla ya kuketi Mama Fundi akaokota ncha ya kamba, akaizungusha kwenye msumari wa marehemu mumewe, akaikaza. Aliivuta mara mbili kuijaribu. Shangazi akasema fundo la namna hiyo siku hizi halifungwi tena, watu wamekuwa wavivu. Huko ndiko kuombana radhi kwao, na kuliwatosha.

Mwimbaji wa kwaya akakohoa. Akatukumbusha kwamba yeye ana mazoezi, na njiani anapita kwa Mama Mchungaji, na aliyetumwa kuchukua jibu ni nani kama si yeye. "Nimwambieje?"

Uso wa kila mtu ukamgeukia Kengele. Naye akafumba mdomo, akamtazama mchumba wake. Tukangoja. Ndege akapita. Beseni likatoa povu. Tukaendelea kungoja, na safari hii hakuna aliyeona kwamba ni muda mrefu.

"Lisomwe," alisema Taratibu.

"Kwa sauti," akaongeza Kengele.

Mwimbaji wa kwaya akauliza, je, kichwa chake? Akafungwa kilemba, akaahidiwa kumaliziwa jioni bila malipo na kwa habari mbili za nyongeza, akaondoka mbio.

*

Watu walitawanyika kidogo kidogo, kama wanavyotawanyika watu wasiotaka kuondoka. Taratibu alienda kubadilisha shati. Shangazi na Mama Fundi walianika shuka kwa mara ya pili, kisha tukasikia kutoka jikoni kwa Mama Fundi sauti ambayo haikuwa imesikika kule tangu mzee alipofariki: sahani zinatolewa kabatini, moja juu ya nyingine, nyingi. Shangazi alikuwa ameshaingia zamani. Yule hahitaji kukaribishwa. Sauti ya kwanza iliyotoka ndani ilikuwa yake, anauliza chumvi iko wapi.

Kengele alifika mpaka kizingiti, akasimama. Msichana aliyekuwa anaingia nyumba za watu kama upepo, leo aliona aibu ya mlango aliowahi kupitisha watu. Alishika fremu. Pete ilikuwa inang'aa kidoleni. Ndani alimwona Taratibu amekaa mezani na shati kavu, anamtazama, na pembeni yake kiti kimevutwa nje tayari. Hakuna aliyesema kitu, na kwa muda vijiko tu ndivyo vilivyosikika.

Mama Fundi alitokea na bakuli mkononi, akamkuta pale.

"Sasa na wewe umenyamaza," alisema. "Wakimya nyumba hii inao wawili, wanatosha. Vua viatu, ingia ule." Akageuka kwenda mezani, kisha akasimama, akamtazama kwa jicho la pembeni, na sauti akaishusha ili majirani tusisikie, ingawa ukuta ni ule ule na tulisikia. "Na yule muuza magodoro, binti, ulituacha njiani. Alimwoa au hakumwoa? Njoo, ingia ule, chakula kinapoa."